Simu Isiyojulikana

Fundi cherehani huyu hakusomea kompyuta, lakini vyumba vyote vitatu vya nyumba ile vilipata intaneti kwa hisani yake. Waya uliingia kwenye kompyuta yake kuukuu, kando ya cherehani, na programu iliyokuwamo ikaigawa intaneti kwa simu za wapangaji. Kila simu iliyoingia aliiona kwenye kioo, na akitaka kuikata, aliikata. Kinyozi wa chumba cha jirani ndiye aliyembandika jina la Bi Mtambo. Alijifanya kulichukia, kumbe lilimkolea.

Asubuhi hiyo binti yake, kitinda mimba, alijifungia chumbani. Saa nne alikuwa na usaili wa video, kazi ya kuhudumia wateja akiwa nyumbani. Mwaka mzima alikuwa akiomba kazi, na hii ndiyo mara ya kwanza kuitwa. Bi Mtambo aliwasihi wapangaji wote wazime simu, wakakubali.

Saa nne na dakika tano, sauti ya msaili, iliyopenya mlangoni, ikaanza kukatakata.

"Samahani, sikusikia. Naomba urudie swali."

Bi Mtambo akakimbilia kioo. Simu asiyoijua ilikuwa ikivuta karibu intaneti yote, na kompyuta ya binti haipati hata tone.

"Kinyozi, leo utanitambua!" aliuambia ukuta, akaikata simu ile.

Mlango wa chumbani ukafunguka kwa kishindo.

"Mama, umefanya nini? Kamera ya kompyuta imegoma, nimeazima simu mpya ya kinyozi dirishani!"

Bi Mtambo akageukia kompyuta. Programu ikadai nywila kabla ya kumruhusu kuirudisha simu ile. Akakosea mara mbili. Binti alisimama nyuma yake, mkono mdomoni. Mara ya tatu ikakubali, binti akarudi mbio chumbani.

Sauti ya msaili ikasikika kupitia mlango ulioachwa wazi. "Mtandao wa hapo kwenu hukatika mara kwa mara? Kazi hii haiwezekani namna hiyo."



"Hapana," binti akajibu. "Anayeusimamia ni mama yangu, na yuko makini sana."

"Haya, tuendelee."

Machozi yakamlenga Bi Mtambo kwa aibu. Akaikalia mikono yake yote miwili, asije akagusa kitu kingine.