Gari la Mwelu Limefika Mombasa, Halijaingia Kenya

"Mwelu amekula gari," Kamanthe alisema. "Magurudumu yote manne. Hata usukani hakutubakishia."

Tulikuwa tumeinama mtoni tukichota maji kwenye kisima kilichochimbwa katika mchanga wa bwawa, na mwanangu Musau alikuwa mgongoni akivuta nywele zangu. Kamanthe ni jirani yangu, boma lake na langu tumetenganishwa na ua wa miiba tu. Sauti yake haihitaji simu.

"Nani amekuambia?" nikamuuliza.

"Macho yangu. Ng'ombe yake imeenda soko ya Mwala na haikurudi. Sasa mtu anauza ng'ombe ya maziwa ya nini, na mvua iko karibu? Anatafuta nauli. Mtasikia yuko Nairobi kwa dada yake, anapaka mkate siagi."

Akina mama walicheka, lakini hakikuwa kicheko cha furaha. Pesa za gari zilikuwa zao. Zilikuwa zangu pia. Na mimi nilijua pesa za ng'ombe zilienda wapi, lakini kila nilipofungua mdomo Kamanthe alikuwa ameshaanza sentensi nyingine.

Wacha nieleze Mwelu ni nani, maana ukimsikiliza Kamanthe peke yake utadhani ni mwizi wa benki.

Ni mjane. Mume wake alikuwa akivunja mawe kwenye machimbo ya Lukenya mpaka kifua kikamshinda. Ni mfupi, ana sweta la bluu ambalo halivui hata jua likichoma, na fundo la leso kiunoni ambamo hukaa funguo, tumbaku ya kunusa na simu ndogo. Mwethya wetu, yaani kikundi cha akina mama cha kusaidiana kazi, ni yeye anayekiongoza. Bwawa la mchanga tulilochotea maji siku hiyo tulilijenga naye akiwa mbele, akibeba mawe na kuwatukana waliobeba madogo.

Sifa yake kubwa ni kupatana bei. Ukienda naye sokoni beba subira. Atashika fungu la nyanya, alitazame kama limemkosea, ataje nusu ya bei, aondoke, aitwe, arudi. Baada ya kupunguziwa bado ataomba nyongeza ya nyanya moja. "Bei ya kwanza ni salamu tu," huwa anasema. "Nani hununua salamu?"

Mimi nina jambo langu naye. Siku niliposhikwa na uchungu wa Musau, hakukuwa na gari. Tulipanda bodaboda watatu: dereva, mimi katikati, na Mwelu nyuma amenikumbatia. Kila shimo alimtukana dereva kama kwamba ndiye aliyelichimba. Tulipofika hospitali, mtoto alikuwa karibu kufika kabla yetu. Mwelu akakaa chini kwenye ukumbi na kusema, "Haki ya Mungu, mwethya itanunua gari." Sikudhani anasema kweli. Nilidhani ni uchovu.

Lakini alisema kweli. Tukaweka akiba miaka, kutoka kwa ndengu na kuku. Gari lingebeba ndengu hadi Machakos, tuache kungoja madalali wanaokuja mlangoni na bei yao mfukoni. Na mama akishikwa na uchungu, angelala kwenye kiti kama mtu.

Ndipo akaja Rodgers. Ni kijana wa kutoka mjini Machakos anayeagizia watu magari, viatu vyake vimechongoka mbele kama mdomo wa kuku. Alitukuta uwanjani kwa Mwelu, akatuonyesha simu. Gari jeupe la mizigo, refu nyuma, safi.

"Hii iko Japani, akina mama. Haijawahi kukanyaga barabara ya Kenya. Laki nne na elfu thelathini, hadi Mombasa."

Hadi Mombasa. Alisema hivyo mbele yetu sote, wala hakunong'ona. Tulisikia vizuri kabisa. Kwetu Mombasa ni karibu, kuna basi na kuna reli. Tukahesabu mafuta ya kulileta kutoka huko na chakula cha dereva. Kamanthe mwenyewe ndiye aliyesema, "Na soda tumwekee, njia ni ndefu."

Mwelu akaanza kazi yake. Alilaumu rangi ya gari, kwamba nyeupe inashika vumbi. Alilaumu Japani kuwa mbali. Aliinuka akaenda kumfunga mbuzi ambaye tayari alikuwa amefungwa. Chai ikaisha, ikachemshwa nyingine. Mwishowe Rodgers akapanguza jasho, akapiga simu mahali, akasema, "Mama, umenimaliza. Nimekupa diskaunti ya elfu thelathini. Laki nne kamili."

Vigelegele vilivyopigwa siku hiyo viliwaamsha punda wa ng'ambo ya mto.

Kwetu mtu hali baraka peke yake. Jumapili Mwelu alisimama kanisani na zile elfu thelathini. Alisema, "Hii pesa tulikuwa tumeshaiaga. Imerudi yenyewe. Ni ya Mungu." Mwethya wote tukasimama nyuma yake tukaimba. Mchungaji Mutunga akazinunulia mabati, na kabla ya wiki mbili paa la kanisa lilikuwa linang'aa mpaka ukilitazama unakunja uso.

Gari likapanda meli. Tukangoja. Halafu Rodgers akapiga simu.

"Gari imefika, mama. Tuma ushuru."

"Ushuru gani?"

"Ya serikali. Na ya bandari. Wakala atakuelezea, mimi yangu ilikuwa hadi Mombasa."

Mwelu aliniomba niende naye kwa wakala mjini, kwa sababu nilimaliza darasa la nane na yeye aliachia la tatu. Ofisi iko juu ya duka la viatu. Aliyetupokea ni mwanamke anayeitwa Wambura, mpole lakini amechoka, chai yake imepoa juu ya meza na ngozi ya maziwa imeshika. Nilimpa Musau ziwa ili anyamaze, nikasikiliza.

"Meli imefika?" Mwelu aliuliza.

"Imefika, mama."

"Gari imeshuka?"

"Imeshuka."

"Iko Mombasa?"

"Iko."

"Sasa si iko Kenya?"

Wambura akashusha pumzi. "Bado haijaingia Kenya."

Mwelu akanigeukia, kisha akamgeukia tena. "Mombasa iko nchi gani?"

"Iko Kenya. Lakini gari ambayo haijalipiwa ushuru inahesabiwa kama bado iko nje."

"Nje wapi? Baharini?"

"Nje kwa vitabu, mama."

Mwelu akafungua fundo la leso, akanusa tumbaku yake, akalifunga. Hivyo ndivyo hufanya badala ya kupiga kelele.

"Haya. Nitozwe kwa ile laki nne yangu."

"Hapana. Serikali haiangalii ulinunua ngapi. Iko na bei yake ya gari kama hiyo ikiwa mpya, halafu inaipunguzia kulingana na miaka. Kodi inatoka hapo."

"Na diskaunti yangu?"

"Hiyo ni kati yako na aliyekuuzia. Serikali haikuwepo."

"Nilitoka asubuhi mpaka jioni nikiitafuta hiyo diskaunti!"

"Pole, mama. Ilikusaidia kwa bei. Kwa ushuru haionekani."

Kisha Wambura akatueleza polepole, na mimi nilimshukuru kimoyomoyo kwa hilo polepole. Kwanza kuna ushuru wa kuingiza. Ukishaulipa, unaongezwa kwenye bei, na hiyo bei iliyonenepa inatozwa kodi nyingine. Nayo ikiongezwa, zote kwa pamoja zinatozwa kodi ya ongezeko la thamani.

"Ngoja," Mwelu alisema. "Nalipia ushuru kwa sababu nimelipa ushuru?"

"Ni hivyo."

"Ni kama askari wa kanjo anitoze pesa ya soko, halafu anitoze tena kwa kuwa nimemtolea pesa."

"Mimi sikutunga sheria, mama."

Baada ya hapo kulikuwa na ada za bandari, za wakala, za usajili na namba, na bima kabla ya gari kutia gurudumu barabarani. Jumla ilikaribia bei ya gari lenyewe. Ni kama tungenunua gari mara mbili na kupewa moja.

"Na ikikaa huko tukitafuta?" niliuliza. Lilikuwa swali langu la kwanza.

"Siku za kwanza ni bure. Zikiisha inalipia pa kulala. Ikikaa sana bila kulipiwa inapigwa mnada."

"Gari inalipa lojingi," Mwelu alisema, "na Kenya bado haijafika!"

Wambura alicheka kidogo, halafu akaona Mwelu hacheki, akavuta kikombe chake cha chai.

Tulishuka ngazi. Mbele ya duka la viatu Mwelu alikaa kwenye kizingiti, akavua kiatu kimoja akakitazama ndani kana kwamba kuna kijiwe.

"Mama Musau, nimedanganywa?"

"Hapana, mwaitu, mama yangu. Hakuna aliyekudanganya. Rodgers alisema hadi Mombasa."

"Hiyo ndiyo inaniuma. Ningeibiwa ningepiga nduru, watu wakaja na marungu. Sasa nimpigie nani nduru?"

Nilimfuta Musau mate.

Ng'ombe aliuzwa wiki hiyo. Pesa zake zililipia gari pa kulala, na zilizobaki ziliingia kwenye ushuru kama mchango wake wa kwanza. Pamoja na akiba iliyobaki ya mwethya, bado palihitajika kila mama auze mbuzi wawili hivi. Nilimwambia Mwelu awatangazie watu kuhusu ng'ombe. Alikataa. "Nikitaja ng'ombe nitakuwa naomba kuhurumiwa. Wakinihurumia watasema nimelia ili wasahau pesa." Kwa hivyo alinyamaza, na Kamanthe akaongea kwa niaba yake.

Mkutano uliitwa Jumamosi, kanisani, chini ya yale mabati mapya. Jua lilikuwa kali na paa lilikuwa likilia ta, ta, ta, kila bati likijinyoosha. Tulikaa kwenye viti virefu. Mwelu alisimama mbele na sweta lake.

"Akina mama, gari iko Mombasa. Inadaiwa ushuru. Kila mmoja wetu akiuza mbuzi wawili itatoka, la sivyo itapigwa mnada."

"Ulituambia laki nne!" sauti ikatoka nyuma.

"Laki nne ilikuwa—"

"Bei ni bei!" Kamanthe akasema. Alikuwa ameketi mbele kabisa amekunja mikono. "Mwelu, wewe ndiye ulitufundisha hivyo. Ukipatana umepatana. Sasa bei imezaa?"

Watu wakacheka.

"Ushuru ni ya matajiri," akasema Nthenya, mama mwingine wa kikundi. "Sisi tuna nini?"

"Serikali iko na bei yake ya gari," Mwelu alijaribu. "Haiangalii—"

"Serikali iko na bei yake, Mwelu yuko na yake, na sisi tuko na njaa!"

"Basi rudisha diskaunti!" Nthenya akasema.

Hapo sote, bila kupanga, tukainua macho juu. Mabati yakalia ta. Mchungaji Mutunga, aliyekuwa mlangoni, akajikuna shingo na kutoka nje polepole.

"Panda ukang'oe misumari," mtu akanong'ona, na kanisa zima likaangua kicheko. Mwelu peke yake hakucheka. Mkono wake ulikwenda kwenye fundo la leso, lakini haukulifungua. Nilimwona hivyo, mtu aliyebeba mawe ya bwawa na kunishika mimi nisianguke kwenye pikipiki, akichekwa. Nilikasirika na serikali, na Rodgers, na Kamanthe, na hata paa.

"Mimi siuzi mbuzi wangu kwa ajili ya mtu anayeuza ng'ombe usiku usiku," Kamanthe akasema.

"Ilikuwa mchana," Mwelu alijibu. "Wewe mwenyewe uliona."

"Na gari kesho kutwa itapigwa mnada, si ndivyo unatuambia? Wacha ipigwe. Angalau mnada hausemi uwongo."

Mwelu akaja akakaa kando yangu kwa uzito. Kelele ziliendelea. Huku nikimtikisa Musau, nilisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayejisemea jikoni: "Na ndengu ya Kamanthe iko na bei ngapi? Shambani iko na moja. Ikiingia gunia, bei ingine. Ikipanda mkokoteni, ingine. Ikilipa kanjo mlangoni pa soko, ingine. Mbona yeye mwenyewe hulia akisema dalali amemlipa ya shambani, kumbe ndengu haijafika sokoni? Hata gari tumelilipia bei ya shambani tu. Halijapita mlango wa soko."

Mwelu aligeuza shingo taratibu akanitazama.

"Sema tena."

Nilirudia, nikiona haya.

Mbele yetu Kamanthe alikuwa amesimama sasa, anawauliza watu nani atakwenda polisi. Mwelu alinyoosha mikono yake miwili, ile mipana yenye nyufa za mawe, mpaka chini ya makwapa ya Musau.

"Mimi wamenichoka sauti. Yako hawajaichoka. Binti yangu, mwana wakwa, nipe mtoto," akasema. "Simama uwaambie hiyo ya ndengu. Mimi usinitetee, na ng'ombe usimtaje. Waeleze gari tu."