Mjane na Mtangazaji

Kila Jumamosi jioni, akina Hesketh wa mji wa Oldham, Uingereza, wakishamaliza kula, jirani yao mjane alikuwa akigonga dirisha kwa kidole kimoja, kana kwamba anaogopa kuliumiza. Alikaa ukingoni mwa kochi, kikombe cha chai magotini, na mtangazaji wa televisheni akisema, "Habari za jioni," yeye alimjibu kwa adabu, "Nzuri, mwanangu." Doreen Hesketh alijifanya hasikii, maana tangu jirani huyo amzike mumewe, alikuwa haongei na mtu mwingine yeyote.

Jumamosi moja picha ikakatika katikati ya vichekesho. Clifford, mume wa Doreen, akalipiga kofi lile sanduku. Wapi! Ndipo jirani akakohoa, akanyoosha mgongo, na kwa sauti ileile ya mtangazaji akasema, "Habari tulizozipata punde hivi: Bwana Hesketh amempiga kofi mgeni asiye na hatia. Mgeni amezimia." Watoto wakagaagaa zuliani kwa kicheko. Naye akaendelea, akamtangaza paka wa muuza nyama, akamtangaza mchungaji na kofia yake, hata Doreen akawa anajifuta machozi. Picha iliporudi, Clifford aliinuka akapunguza sauti.

"Endelea, jirani," alisema. "Hao watangazaji wa Londoni wangoje."