Fundi Mizani na Viazi vya Mfungo

Mtaa mzima ulimwita Fundi Mizani, na hata mkewe alimwita Fundi. Watu wa mtaani walimwita hivyo kwa sababu ya kazi yake. Mkewe alimwita hivyo kwa sababu alilelewa akiambiwa kwamba mke wa Kihindu halitamki jina la mumewe, na miaka yote ya ndoa yao hakulitamka hata siku moja, si kwa hasira wala kwa mapenzi. Kazi yenyewe ilikuwa kutengeneza mizani za wenye maduka: za sahani mbili, za mshale, na zile kubwa za kuning'inizia magunia. Mwenye duka akilalamikiwa kwamba anapunja, alimpelekea Fundi mizani yake. Fundi aliifungua, akaisugua kutu, akaijaribu kwa vyuma vyake vya kupimia mpaka mshale ukatulia penye sifuri. Alikuwa mtu wa kuamini mshale, na kitu kisichopimika alikiona ni uvivu tu wa mtu aliyekataa kupima.

Mtu wa namna hii, jikoni kwake ni ugenini. Fundi alijua mlango wa jiko ulipo na alijua meza ya kulia ilipo, basi. Lakini tusimbebeshe lawama zote peke yake, kwa sababu mkewe ndiye aliyemdekeza. Mama, kama Fundi alivyomwita mkewe tangu binti yao azaliwe, hakupenda mtu kumsimamia jikoni, na mume aliyejitia kusaidia alifukuzwa kwa mwiko. "Nenda kapime mizani zako huko," aliambiwa, naye alikwenda, tena mbio. Akazeeka hajui hata kiberiti kinawekwa wapi, na aibu hiyo aliivaa kama koti la heshima.

Kisha Mama akaugua. Lilianza tumbo, kukafuata kukonda, zikafuata safari za hospitali, mpaka siku moja hospitali ikamrudisha nyumbani na mfuko wa dawa. Daktari alimvuta Fundi pembeni ya korido, akamwambia bila kuzunguka.

"Mzee wangu, dawa tumempa. Lakini asipokula, dawa hizi ni sawa na kumwaga maji mchangani. Mlishe, hata kidogo. Akiacha kula kabisa, sisi hatutakuwa na la kufanya."

Fundi aliyabeba maneno hayo mpaka nyumbani, akalala nayo na kuamka nayo. Kuanzia hapo hakuwa na jambo jingine duniani ila hilo moja, Mama ale. Duka la mizani likafungwa. Na Mama hakula. Uji ulikaa mdomoni mpaka ukapoa. Jirani alileta supu ya mboga kwenye bakuli lake zuri la wageni, ikarudi na bakuli lake. Ndizi, maziwa, mkate laini, vyote Mama alivikataa kwa adabu, kama mtu anayekataa soda nyumbani kwa watu. Binti yao, aliyeolewa mbali, alipiga simu kila asubuhi. "Baba, amekula?" Fundi alijibu, "Kidogo, mwanangu," na akishakata simu alikaa kitandani akitazama miguu yake mwenyewe.

Ikafika siku ya kumi na moja tangu mwezi kuandama. Siku hiyo Mama alikuwa akifunga tangu usichana wake, mara moja mwezi ukikua na mara moja mwezi ukipungua. Anayefunga hali nafaka, hali maharage wala dengu, hagusi kitunguu wala kitunguu saumu, na hata chumvi ya kila siku haitumii; hutumia chumvi ya mawe, ile yenye rangi ya waridi kwa mbali. Viazi vinaruhusiwa. Asubuhi hiyo Mama alifumbua macho mapema, akasema kwa sauti ya mtu aliyekumbuka kazi, "Fundi. Leo mfungo."

"Mfungo gani tena, Mama? Wiki nzima hii hujafunga wewe?"

"Ile sikufunga. Nilikataa tu. Leo nafunga, na anayefunga ana chakula chake. Nataka viazi."

Nataka! Fundi alisimama hata kabla hajajua anasimama kwenda wapi. Neno hilo hakulisikia kinywani mwa mkewe tangu watoke hospitali. "Namwita jirani sasa hivi," alisema.

"Jirani ana vitunguu mpaka kwenye kucha. Utapika wewe."

"Mimi?"

"Kwani huna mikono? Oga kwanza. Na uache mlango wazi, nikusikie."

Chumba chao kilipakana na jiko, na kitanda kilikuwa upande ule ule wa ukuta. Fundi alioga, akavaa shati safi kana kwamba anakwenda kuposa, akaingia jikoni. Kutafuta kiberiti peke yake kulichukua muda ambao mtu mwingine angekuwa ameshachemsha chai. Mama alimwelekeza toka kitandani, sentensi fupi fupi, akipumzika katikati. Tokosa viazi na maganda yake. Visilainike sana, vitavurugika. Menya. Kata vipande vya kuingia mdomoni, si kama mawe ya mizani yako. Ponda tangawizi. Karanga zile za kwenye kopo, zitwange kidogo, zisiwe unga.

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo kidogo tu."

"Na chumvi je? Gramu ngapi?"

Ukutani kikasikika kicheko chembamba kilichokatizwa na kikohozi. "Kiasi, Fundi."

"Kiasi si kipimo, Mama."

"Ndicho kipimo nilichokulishia miaka yote hiyo, na umenenepa."

Akaweka samli kwenye kikaango, akatia binzari nyembamba, akasimama na mwiko mkononi akiiangalia kama askari wa zamu. "Usiiangalie, isikilize," Mama alisema. "Ikianza kutatarika, tia pilipili na tangawizi. Ikinyamaza umeshaiunguza." Ikatatarika. Akatia pilipili mbichi, akatia tangawizi, akapiga chafya, akatia viazi, na harufu ikajaa nyumba. Ilikuwa harufu ya nyumba yao ya zamani, ya enzi za Mama kuwa mzima. Akachota chumvi ya mawe kwa vidole vitatu, akainyunyiza kwa hofu, akageuza. Kisha, bila kufikiri, akachukua kipande kwenye ncha ya mwiko akakitia mdomoni. Kilikuwa kitamu! Furaha ikampanda kichwani.

"Mama!" akaita. "Chumvi imekaa sawasawa!"

"Umejuaje?" Mama akauliza.

Hapo ndipo Fundi alipofahamu alichokifanya. Katika nyumba yao chakula cha mfungo hakionjwi. Mpishi hupika kwa pua na kwa mkono, kisha sehemu ndogo hutengwa ikawekwa mbele ya Mungu, kwenye rafu ndogo yenye taa na picha, na binadamu hula baada yake. Miaka yote Mama alipika chakula ambacho ulimi wake haukukijua mpaka Mungu apewe kwanza. Fundi alikuwa amekula cha mfungo mara zisizo na idadi, na sheria hiyo aliijua vizuri, ila aliijua kama mlaji.

"Nimeonja ncha tu," alisema.

"Basi kikaango kizima ni makombo. Mungu hapewi makombo."

"Mungu ataelewa. Wewe ni mgonjwa."

"Yeye ataelewa. Mimi sielewi. Anza upya."

Fundi akatoka jikoni akasimama mlangoni pa chumba, mwiko bado mkononi, samli ikidondokea sakafuni. Hasira zilimpanda, hasira za mtu mwenye hofu, ambazo ndizo mbaya kuliko zote. "Wiki nzima hujatia kitu tumboni. Leo umesema unataka, nimepika, kiko tayari, kina moto. Unataka kufa kwa ajili ya ncha ya mwiko?"

Neno lile lilikuwa halijatamkwa ndani ya nyumba ile. Daktari alilizunguka, binti alilizunguka, jirani alilizunguka kwa supu. Sasa limetoka, na lililotoka mdomoni halirudi. Mama alimtazama. Hakukasirika. Alionekana kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Anza upya, Fundi," alisema kwa upole. "Viazi vingine vipo kapuni."

Akarudi. Akaosha kikaango, akaosha mwiko, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akatokosa viazi vingine. Alipokuwa akimenya aliuliza, "Vipande kama vile vile?" Hakujibiwa. Akaweka samli, akatia binzari. "Tangawizi sasa?" Kimya. "Mama?" Kimya. Binzari ikatatarika, na mikono yake ikatia pilipili na tangawizi yenyewe, maana moyo wake haukuwa pale. Amelala, alijiambia. Amechoka, nimemchosha mimi na kelele zangu. Ilikuwa hatua chache tu kwenda kuchungulia, na Fundi hakuweza kuzipiga. Alijua kwamba akiangalia ataona, na asipoangalia, mkewe bado amelala. Akabaki pale anageuza viazi huku machozi yanamtiririka, akijifuta kwa bega ili yasidondokee chakula cha Mungu. Akatia chumvi, kiasi. Akatia karanga. Akazima moto, akakamua limau, akanyunyiza majani ya giligilani. Hakuonja.

Akatenga sehemu kwenye kisahani, akaiweka kwenye rafu, akawasha taa, akakunja mikono. Hakuwa mtu wa sala ndefu. Alisema tu, "Usimchukue," akasubiri kidogo kama mtu anayengoja kujibiwa, kisha akajaza sahani ya Mama akaenda chumbani akitazama chini.

Mama alikuwa macho. Alikuwa amejiinua kwenye mto, anatazama mlango.

"Mbona hukuniitikia?" Fundi aliuliza, na sauti ikamkatika. "Mbona unanifanyia hivi, Mama? Nilidhani..."

"Najua ulichodhani. Kaa. Nilitaka nikusikie unapika bila mimi."

Akakaa. Akamlisha kijiko cha kwanza, Mama akatafuna taratibu, akameza. Cha pili akatafuna, akameza. Fundi alikuwa anahesabu moyoni, anajenga matumaini juu ya kila kijiko. Cha tatu Mama alimshika mkono, akakigeuza kijiko, akakipeleka kinywani mwa mumewe.

"Unaona?" alisema. "Ni vizuri. Siku za mfungo pika hivi. Siku nyingine anza na kitunguu, halafu tia mboga yoyote, ni njia ile ile. Ukishaijua hii moja, nyingine zote ni ndugu zake. Hutalala njaa. Wala hutaishi kwa supu za jirani."

Kijiko kilikuwa bado kinywani mwa Fundi. Asubuhi nzima alidhani anapika ili mkewe aishi. Kumbe mkewe hakuwa na njaa ya viazi wala ya kitu chochote. Alichokuwa akikitaka, kwa nguvu zake zote zilizobaki, ni mume wake asimame mbele ya jiko, apike mara ya kwanza kwa kuelekezwa na mara ya pili peke yake. Ile ncha ya mwiko ilikuwa imempa Mama sababu ya kumpikisha mara ya pili. Alikuwa anamfundisha mumewe kubaki peke yake.

Akaiweka sahani chini.

"Sijajua," alisema.

"Umejua, Fundi. Nimesikia mwenyewe."

"Sijajua hata chembe. Hii ya pili nimebahatisha. Sijui tangawizi niliitia lini, wala chumvi nimetia gramu ngapi. Kesho itabidi unielekeze tena."

"Kesho si mfungo."

"Hata kama. Utanielekeza."

Mama alimtazama muda mrefu mtu huyu ambaye hakuwahi kuibia mteja hata punje. "Muongo mkubwa wewe," alisema, akafumba macho. "Haya. Kesho nitakuelekeza."

Ikawa hivyo. Fundi Mizani, mwenye mkono usiopunja, akawa mdanganyifu wa jikoni. Kila asubuhi alisimama mbele ya kikaango akauliza mambo anayoyajua kama jina lake. "Mama, samli kwanza au binzari kwanza?" Na kutoka upande wa pili wa ukuta alijibiwa, "Samli, Fundi. Una kichwa kigumu kama jiwe la mizani." Alikosea makusudi apate kufokewa. Na Mama, ambaye hakuwa anadanganyika, alikula kijiko kimoja, wakati mwingine nusu kijiko, kwa sababu mwalimu hana budi kuangalia kazi ya mwanafunzi wake. Maneno yake yalipungua yakawa neno moja, kisha yakawa kugonga ubao wa kitanda, mara moja kwa ndiyo, mara mbili kwa hapana. Binti alipouliza kwenye simu kama mama amekula, Fundi alisema, "Kidogo, mwanangu," na sasa lilikuwa neno la kweli.

Asubuhi moja viazi vilikuwa vimeiva, naye ameshika limau lililokwisha kukatwa. "Mama," akauliza, "nikamue sasa?"

Alingoja ubao ugongwe. Akauliza mara ya pili, kwa sauti ndogo, bila kugeuka, kama vile swali ni gumu na mwenzake bado anafikiri.

Jibu alilijua tangu ile siku ya mfungo. Alizima moto, akanawa mikono, akaenda chumbani.