Maiti Aliyelazwa Chali

Mwaka 2017 nilipata kazi ya usafi katika jumba dogo la makumbusho hapa Johannesburg. Nilikuwa nakaa mtaa wa Mayfair kwa shangazi yangu, ambaye huosha maiti wa kike wa msikiti wetu. Mimi ni mzito wa kusema, kwa hiyo kazi ya kufuta vumbi ilinifaa.

Chumba nilichopangiwa kusafisha kilikuwa na jeneza la mbao lililochimbuliwa Misri, katika mji mdogo wa zamani, mbali na miji ya wafalme. Wachoraji wake hawakuwa mafundi wa ikulu, na ilionekana. Bata walikuwa na shingo ndefu mno. Wanawake waliobeba mikate kila mmoja alikuwa na miguu miwili ya kushoto. Niliwapenda. Ubavuni mwa jeneza yalichorwa macho mawili makubwa.

Pembeni, ndani ya kioo, kililala kitu kilichozungushiwa vitambaa. Nilidhani ni sanamu. Kila asubuhi nilikisugua kile kioo.

Mwenzangu, mama mmoja wa Lubumbashi, siku moja alinitazama akacheka.

"Mudogo, unajua unapangusa nani?"

"Nani?"

"Ule ni muntu, si sanamu. Angalia kule chini."

Niliinama. Vitambaa vilikuwa vimeachia miguuni. Niliona vidole, na kucha zake. Tambara likanidondoka.

Mchana alikuja mwalimu na wanafunzi wake. Akawaambia yule maiti ni mwanamke aliyetolewa ndani ya lile jeneza, na kwamba watu wa mji ule walimlaza maiti ubavu, uso nyuma ya yale macho, ili aone jua likichomoza. Sisi pia humlaza maiti ubavu, uso kibla. Na huyu wamemtoa, wamemlaza chali chini ya taa.

Jioni nilimweleza shangazi.

"Mwanamke? Na miguu wazi?"

"Wazi."

"Astaghfirullah! Maiti hata awe wa lini, ana stara yake. Mfunike."

Kesho yake nikatandaza kanga yangu juu ya kioo. Msimamizi akaingia, wanafunzi wengine wako mlangoni.

"Eish! Nani kafanya hivi?" Alimgeukia mama wa Lubumbashi, kwa sababu ndiye mwenye mizaha.

"Mimi," nilisema. Sauti yangu mwenyewe ilinishtua.

"Iondoe, au vua sare uende zako."

Mkono haukwenda kwenye kanga. Nilivua sare. Msimamizi akaitoa kanga mwenyewe, akanikabidhi.

Nilifika nyumbani nikamsimulia shangazi nilivyovua sare, nikitegemea sifa. Aliacha mwiko ndani ya sufuria.

"Umeacha kazi?"

"Ulisema nimfunike."

"Nilisema umfunike! Nilisema uache kazi kwa ajili ya watu wa Firauni?"

Akakaa kwenye kiti.

"Basi angalau sasa hivi kafunikwa?"

"Hapana."

Shangazi alishika kichwa kwa mikono miwili.