Mnunuzi wa Gita Langu la Pedeli

Leo nimeshindwa kuuza gita, na aliyeniharibia biashara ni mnunuzi mwenyewe.

Mnalijua lile gita langu la pedeli. Limelala kama meza, unatelezesha chuma juu ya nyuzi huku miguu inakanyaga pedeli za kubadili sauti.

Kampuni iliyolitengeneza hakuna anayeijua. Nimeisema vibaya hapa kwenye ukurasa wangu miaka miwili.

Nikikanyaga pedeli, sauti inapinda vibaya. Nakaza uzi. Nikiachia mguu, sauti ya uzi ule ule imeharibika. Nalegeza. Kesho tena.

Asubuhi akaja Mwalimu Rhobi, anafundisha kwaya kule Nyamwaga. Analo gita la kampuni hiyo hiyo, anatafuta la pili. Na mimi nilidhani niko peke yangu Tarime nzima!

Nikamwambia ukweli: "Shikamoo mwalimu. Hili halishiki tyuni."

Akainama, akaangalia ule mwisho wa gita usio na vikazio vya nyuzi.

"Mdogo wangu, hizi skrubu ndogo umewahi kuzigusa?"

Sijawahi. Nilidhani zinashikilia bati tu.

Kumbe sauti ya pedeli inarekebishwa pale! Mimi nakaza kule kwenye vikazio, kama gita la kawaida.

Akazungusha kidogo. Akakanyaga, akaachia, akakanyaga.

Jamani. Sauti ikanyooka.



"Sasa umelisikia," akasema. "Bado unauza?"

Nikakaa, nikaanza kulipiga. Akacheka, akapanda bodaboda, akarudi Nyamwaga mikono mitupu.

Angeweza kulichukua kwanza kwa bei ya gita bovu, skrubu akazizungushie kwake.

Semeni ukweli, nyie mngefanyaje?

Mimi ningelichukua kwanza.