Kilio cha Mama Kilichofungua Mwaka

Spika ya Ambakisye ilikuwa na tabia ya kukwaruza kwanza, kama mzee anayesafisha koo, ndipo muziki ufuate. Ilifungwa kwa waya juu ya kibanda chake karibu na stendi ya Tukuyu na kufunikwa mfuko wa nailoni kwa sababu ya mvua. Hata leo nikisikia mkwaruzo wa namna ile mahali popote, narudi Januari, kwenye tope, harufu ya ndizi za kuchoma na nguo za sikukuu zilizokwisha kuloana. Ambakisye alikuwa fundi wa kurekodi kanda. Ilikuwa miaka ile mambo yalipolegezwa, mitumba ikajaa sokoni, maduka yakapata sabuni za kila rangi, na Dar es Salaam kukawa na redio za watu binafsi. Mawimbi ya redio hizo hayakufika kwetu. Zilizofika ni sifa zake. Kwa hiyo kila tarehe mosi Januari binamu yake Ambakisye aliyekaa Dar alikuwa anakaa na redio kaseti yake, anarekodi kumi bora za kufungulia mwaka, kisha anampa kanda dereva wa basi. Mvua ikiwa nzuri kanda ilifika kesho yake. Mvua ikikata barabara, tulingoja.

Na tulingoja kweli. Kalenda ingesema tarehe mbili au tatu, lakini pale stendi mwaka ulikuwa haujaanza. Watu waliokutana njiani waliulizana, "Mwaka umeshashuka?" maana yake kanda imeshuka kwenye basi au bado. Vijana wa mashamba ya chai, walimu wa kutoka mikoa mingine, kina mama wa sokoni, watoto wa shule, wote tulisimama chini ya vibaraza vya maduka tukilitazama basi likikata kona. Wimbo wa kwanza ndio uliobatiza mwaka. Mtu angekuambia mwanawe alizaliwa mwaka wa ule wimbo wa Kikongo, au alioa mwaka wa wale Wazungu waliokuwa wanabembeleza kwa sauti za kike, na hakuna aliyehitaji kuuliza ni mwaka gani. Nilizipenda siku hizo kuliko Krismasi yenyewe. Nayasema haya ili ieleweke kwamba sina ugomvi na muziki. Nina ugomvi na wimbo mmoja, na hasira yangu nao haijapoa.

Sisi tulikaa Kyimo. Baba alifanya kazi kiwanda cha chai, mama aliuza ndizi mbivu Tukuyu mjini, akizipanga kwenye sinia hatua chache kutoka kwenye kibanda cha Ambakisye. Tulikuwa watoto wawili, mimi na mdogo wangu Atupele, jina ambalo kwa Kinyakyusa maana yake ni kwamba Mungu ametupatia. Alikuwa hajaanza shule. Alikuwa mtoto mtundu, mwenye sauti ya kukwaruza, anayemwogopa bata mzinga wa jirani na asiyeogopa kitu kingine chochote duniani. Asubuhi baba akitoka kuoga alikuta mabuti yake ya mpira hayapo, kwa sababu Atupele ameyavaa na yuko nayo kwenye migomba, yanamfika mapajani, anaburuta miguu na kucheka peke yake. Wakati wa baridi, ukungu ulipokuwa unashuka kutoka mlimani na kukaa mlangoni mchana kutwa, alipata homa. Walimpeleka hospitali akiwa mgongoni kwa mama, na akarudi mikononi mwa baba, amefunikwa.

Kwetu kulia msiba ni kazi yenye utaratibu wake. Wanaume wanakaa nje, wanawake wanajaa ndani na marehemu, na mwenye uchungu mkubwa ndiye anayeongoza. Halii hovyo. Anamweleza marehemu, anamsema kwa mambo yake ya kweli, mstari kwa mstari, na wenzake wanampokea. Mama alikuwa na sauti nene ya chini iliyopanda ghafla, sauti ambayo kwaya ya kanisa ilikuwa imeitafuta miaka mingi akawakatalia, akisema yeye si mwimbaji. Siku ile alimlilia Atupele kwa bata mzinga, kwa maziwa ya mgando aliyokuwa anachovya vidole, kwa kila kitu. Mstari aliourudia ulikuwa huu: "Gwe Atupele, mabuti ya baba umemwachia nani?" Gwe ni wewe. Nilikuwa nimekaa ubavuni kwake juu ya majani makavu ya mgomba, na kila aliposema maneno hayo mbavu zake zilinisukuma.

Kulikuwa na mtu mmoja ambaye hakufika. Mjomba Asegelile, kaka yake mama, alikuwa dereva wa lori Dar, na taarifa ilipomfikia alikuwa safarini. Mama na yeye walikuwa wamelelewa bila wazazi, wakala sahani moja. Kwa mila, asiyefika msibani lazima siku moja asikie alivyoliliwa mtu wake, vinginevyo msiba unabaki nusu. Zamani angekuja baadaye na wanawake wangeanza upya kwa ajili yake. Lakini miaka ile redio kaseti zilikuwa zimeingia kila kijiji, na familia nyingi zilikuwa zimezoea kurekodi kilio na kumpelekea aliye mbali. Ilionekana ni heshima, na kwa wenye nazo ni maendeleo pia. Baba akaiweka redio kaseti dirishani, akabonyeza, akatoka nje kwa wanaume wenzake. Kanda ile ilifungwa kwenye kipande cha kitenge, akapewa utingo wa basi, ikaenda Dar. Mjomba akaipata. Akatuma salamu kwamba amemlilia mtoto wake, na sisi tukajua msiba umefungwa.

Januari iliyofuata nilikuwa darasa la tano. Mama alikuwa amerudi sokoni, bado amefunga kilemba cheusi, na mimi nilikuwa naye siku basi lilipoleta mwaka. Ambakisye aliipokea kanda kwa mikono miwili, akaibusu kwa mbwembwe kama kawaida yake, akaingiza. Spika ikakwaruza. Namba kumi, namba tisa, watu wakapiga miluzi, wakazomea nyimbo wasizozipenda. Mama alikuwa anapanga ndizi zake, hana habari. Ilipofika namba moja mtangazaji alipaza sauti akasema huu ndio wimbo uliofungua mwaka Dar nzima, kisha ikaanza ngoma ya kinanda cha umeme, nzito, ya kurukia. Halafu juu ya ngoma ile ikatoka sauti nene ya chini, ikapanda ghafla: "Gwe Atupele, mabuti ya baba umemwachia nani?"

Haikuwa sauti ya mwigaji. Ilikuwa yake mwenyewe, imekatwa kutoka kwenye kanda ya msiba na kubandikwa juu ya kinanda, inarudiwa, inarudiwa tena, na katikati kijana anaimba kwamba Atupele ni mrembo wa nyanda za juu aliyemkimbia mpenzi wake na kumwachia viatu. Kila sauti ya mama ilipofika kwenye neno mabuti, kinanda kilinyamaza, yakasikika makofi mawili, na watu wakatakiwa wapige mguu chini. Walielewa mara moja. Mara ya pili tu kibaraza kizima kilipiga mguu, tope likaruka.

Mama alisimama. Alitembea mpaka kibandani akamwambia Ambakisye, "Mwanangu, zima. Huyo anayelia ni mimi. Huyo ni mtoto wangu."

Ambakisye alidhani hakusikia vizuri. "Unasemaje, mama?"

"Zima. Ni kilio changu hicho."

Kijana mmoja akaangua kicheko. "Mama naye anataka ustaa! Mama, hao wako Dar bwana, wewe uza ndizi!" Watu wakacheka, na Ambakisye naye, ambaye hakuwa mtu mbaya, akacheka, akaongeza sauti kwa sababu wateja walitaka. Hao wa mjini nawaachia. Hawakujua. Ninaowahesabia kosa mpaka leo ni wa Kyimo. Walikuwepo pale watu waliokuwa ndani ya nyumba yetu siku ile, waliompokea mama mstari kwa mstari. Mama Lusajo, jirani yetu, ambaye ndiye aliyemshika mama kiuno asianguke, alikuwa amesimama na kikapu chake mbele ya duka la vitambaa. Aliitambua sauti, niliona uso wake ulivyobadilika. Kisha watu wakapiga mguu, na yeye akapiga. Akatikisa na mabega. Nilimtazama machoni, na alichofanya ni kutabasamu, kana kwamba ananipongeza.

Januari nzima ilikuwa hivyo. Wimbo ulichezwa kwenye vilabu vya pombe, kwenye harusi, kwenye redio za madereva wa malori ya chai. Shuleni wenzangu walipiga mguu nikipita. Mwalimu mmoja mgeni, kijana wa pwani, aliniuliza kwa upole kabisa kama huyo Atupele ni dada yangu mkubwa na kama ameshaolewa. Watu wazima walitupongeza. Walimwambia mama amebahatika, kijiji kimejulikana, mtoto wake hatasahaulika. Nimeishi miaka mingi sasa na sijapata kusikia matusi yaliyopambwa kama yale. Baba alijaribu kutania, akasema basi angalau na sisi tumetoka kwenye redio, na mama akamtazama mpaka akainuka akaenda kukaa nje.

Mjomba Asegelile alikuja Pasaka, amevaa shati jipya, ana zawadi. Alieleza yote bila kuficha, kwa sababu hakuona cha kuficha. Nyumba aliyopanga Dar ilikuwa na mpangaji mwingine, mpiga kinanda, ambaye aliisikia kanda kupitia ukutani mjomba alipokuwa anaisikiliza na kulia. Akagonga mlango, akampa pole, akasema hajawahi kusikia sauti kama ile, akaomba aazime. Mjomba alielewa kwamba atatunga wimbo wa kumbukumbu, wa kumtukuza mtoto. Ulipotoka ulivyotoka alishangaa kidogo, halafu majirani wote wakawa wanamsalimia kwa heshima, na mshangao ukaisha. "Dada, mtoto wetu anasikika nchi nzima," alimwambia. "Kuna watu wanakufa na hata kijiji cha pili hakijui."

Mama alikuwa anamenya ndizi. Hakuacha kumenya. Alisema, "Asege, nililia ili wewe usikie. Sikulia ili wao wacheze." Mjomba akaanza kueleza tena, na mama akamwambia ale kwanza, chakula kinapoa. Alikula. Walisalimiana vizuri siku ya kuondoka. Lakini sahani ile moja waliyolelewa nayo ilikuwa imevunjika, na wote wawili walijua.

Baada ya hapo mama hakulia msiba tena. Alikuwa anakwenda, anapika, anakaa na wafiwa, ila sauti hakuitoa. Baba alipofariki, wanawake walijaa ndani wakamngoja aanze. Mumewe, miaka yote ile, ni nani mwingine wa kuongoza? Aliketi ameinamisha kichwa, mdomo umefungwa, mpaka shangazi mmoja akalazimika kuanza mwenyewe na kuongoza kilio cha juujuu cha kukopa. Maneno yakasemwa. Wakasema hakumpenda, wakasema moyo wake mgumu. Nilimuuliza jikoni kwa nini hakumlilia baba. Alinionyesha kwa kidevu redio kaseti ya mtu iliyokuwa dirishani. "Mwana gwangu, nikifungua mdomo watakwenda kumcheza na huyu."

Yule mpiga kinanda ameshazeeka sasa, anaitwa mkongwe, na kila mwaka mpya redio zinamkumbuka. Siku hizi tunazo redio zetu huku huku Rungwe, hakuna anayengoja basi, na vijana wanapata wimbo namba moja kwenye simu kabla hata mwaka haujaingia. Lakini tarehe mosi lazima wapige na nyimbo zilizofungua miaka ya zamani, na wetu haukosi. Nilimsikia mwaka fulani akihojiwa. Aliulizwa wimbo ule ulimjiaje, akasema ulimjia usingizini. Nilizima redio nikaosha vyombo vilivyokuwa visafi. Nikiwasimulia watu habari hii huniambia tungeshitaki, tungepata hela nzuri, sheria za hakimiliki zipo. Siwezi kuwaelewesha. Hela ingelipa nini? Mama alikuwa na kitu kimoja cha kumpa mtu aliyekufa, na kitu hicho kilichukuliwa mchana kweupe na watu wanaocheka, na alikufa bila kurudishiwa.

Maana naye alikufa, si zamani sana, nyumbani kule kule Kyimo. Wanawake wakajaa ndani, na zamu ikawa yangu. Nilikaa ubavuni kwake. Nilikuwa nimevuta pumzi ya kuanza nilipomwona binti wa binamu yangu, mtoto mzuri, mwenye adabu, amepiga magoti pembeni ya mlango na simu ameiinua juu ya vichwa vya watu.

"Unafanya nini?"

"Narusha mubashara, shangazi," alijibu kwa kunong'ona, machozi yanamtoka. "Kwa ajili ya waliokosa kufika."

"Zima."

"Lakini shangazi, wako ndugu nje ya nchi, wanaangalia sasa hivi."

"Waambie wapande ndege. Zima."

Wanawake waligeuka kunitazama. Nilijua wanachofikiri, na kwamba kitasemwa mpaka Tukuyu mjini: mwanawe ni mkali kama mama yake, hata msibani anagombana. Nilinyoosha mkono, sikuushusha. Binti akabonyeza, akaiweka simu ile kiganjani kwangu, nami nikaikalia. Kisha nikafungua mdomo nikamlilia mama, na waliosikia ni wale tu waliokuwa ndani ya nyumba ile.