Kazi ya Marehemu

Wiki hii nilikuwa kwenye redio moja ya hapa Bukavu kutoa tangazo la msiba wa jirani. Nikiwa kwenye foleni, binti mmoja alimpa mkuu wa vipindi visikizio vya simu yake. Mzee akafumba macho, mguu ukaanza kucheza.

"Huyu maman anajua kuimba! Iko wa Kinshasa?"

"Hapana, papa. Iko tantine yangu, dada ya mama, wa Luhwindja. Nilimurekodi mimi mwenyewe kwetu Kasha, tulifunga dirisha na matela ya kitanda, juu kelele isiingie. Muziki yote nilitengeneza miye."

Mguu ukasimama. Mzee akavua visikizio, akavifuta kwenye shati, akavirudisha.

"Ah, wa hapa. Utarudia siku ingine, ma fille."

"Alikufa jana, papa. Nilitaka watu wake wa Minova wasikie sauti yake."

"Kwa wafu kuna communiqué. Guichet ni ile pale," akaonyesha dirisha la matangazo.

Binti akaja kupanga foleni nyuma yangu. Zamu yake ilipofika, maman wa guichet aliuliza jina la marehemu, kisha kazi yake.

"Muimbaji."

"Nauliza kazi, dada."

"Basi, andika mulimaji."

Nasi ndio tunaolalamika kila siku kwamba mji wetu hauna muziki wake. Jioni nililisikia tangazo: mkulima wa Luhwindja amefariki. Chini ya sauti ya mtangazaji walipiga piano ya Ulaya, ya huzuni sana.